Kitabu cha Geti, Kuanzia Penye Uzi Mwekundu

Mwende, Mwaitu,

Hii barua utaipata ukifika Kathonzweni, ukifungua gunia la ndengu. Nimeifunga kwa karatasi ya nailoni pamoja na kitu kingine, na hicho nitakueleza mwisho. Ningekupa mkononi ungeisoma hapa mbele yangu, na mimi singejua niangalie wapi.

Saa hii ni Jumapili, saa tisa mchana. Wewe na mama yako mmebaki kanisani, wamama wanakuombea safari ya kesho. Mimi nimewaambia nakuja nyumbani kufunga mizigo. Mizigo nilifunga jana, lakini wacha hiyo nayo iingie kwa orodha ya mambo nimewahi kudanganya.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga mlango na kupiga simu, mama yako amekuambia mara tatu na asubuhi atakuambia tena. Mimi niko na jambo moja tu. Nimekaa nalo tangu wakati wa corona, na sasa limeingia kwa hii kazi yako mpya ya kupeleka kompyuta yako kwa shule za Makueni, kwa hivyo siwezi kukuacha uende nalo bila kujua.

Nianze na ile siku ulirudi shuleni kwetu na projekti yako ya chuo. Shule ile ulikuwa unaenda kwa mguu kila asubuhi, na mimi ni soja wa geti hapo mpaka leo. Sasa wewe ndiye umesimama mbele ya holi na projekta, walimu wamekaa kama wanafunzi, hata yule wa hesabu aliyekuwa anakuita Kelele ameshika kalamu anaandika. Nilikuwa nimesimama mlangoni na yunifomu, rungu mkononi. Geti nilikuwa nimeliacha peke yake. Kama kuna mtu aliingia siku hiyo bila kuandikwa, hiyo ni bahati yake.

Ulikuwa umenieleza hiyo kazi nyumbani kwanza, tukiwa kwa boma la mbuzi. Nilikuuliza, "Kompyuta itajuaje mtoto anataka kuwa mgonjwa na daktari mwenyewe hajui?"

Ukaniuliza, "Baba, wewe unajuaje mbuzi anataka kuugua?"

"Naona tu."

"Unaona nini?"

"Wengine wakienda maji anabaki nyuma. Chumvi haikimbilii."

"Nani alikufundisha?"

"Nani anifundishe? Nimechunga mbuzi tangu nikiwa mdogo."

"Basi kompyuta pia tunaipatia mbuzi wengi, wale waliugua na wale hawakuugua. Haiambiwi sheria. Inaangalia tu, inaangalia tena, mpaka inamjua yule wa kubaki nyuma."

Nikakuambia, "Sasa umeita watoto wa watu mbuzi." Ulicheka mpaka ukashika mlango wa boma.

Hayo ndiyo uliwaambia kwa holi, ila mbuzi ukawaacha nyumbani. Ukasema ulichukua vitabu vinne vya shule vya ule wakati shule zilifunguliwa tena na watoto wakarudi na barakoa. Rejista ya darasa. Kitabu cha chumba cha wagonjwa. Kitabu cha jikoni, cha mpishi kuweka alama nani amekula na nani ameacha. Na kitabu cha geti, ambacho kila asubuhi kiliandikwa joto la kila mwanafunzi anayetoka nyumbani. Halafu ukasema, "Hivi vitabu vipo kwa sababu kuna watu waliandika kila siku bila kuchoka. Mmoja wao ni baba yangu, yule pale mlangoni."

Holi nzima ikageuka. Wakapiga makofi. Mwalimu mkuu mwenyewe alisimama. Na mimi, Mwende, niliinua mkono nikawapungia, kama mtu anatafuta kura.

Mwalimu wa sayansi akauliza ni kitabu gani kilisaidia kompyuta zaidi. Ukasema cha jikoni. Ukasema mtoto akiacha muthokoi kwa sahani siku mbili mfululizo, siku ya tatu mara nyingi unamkuta chumba cha wagonjwa. Mpishi alifurahi, akasema yeye alijua zamani, hakuna mtu mwenye afya anaacha muthokoi wake. Watu wakacheka. Mwalimu akauliza tena, "Na cha geti?"

Ulinyamaza kidogo. Ukasema, "Hicho tulikitoa. Namba zake zinajirudia. 36.4, 36.5, 36.6, 36.5, halafu zinaanza tena mwanzo. Kile kipimo cha joto kilikuwa kimeharibika."

Ukawaonyesha mfano wa msichana mmoja, bila kutaja jina. Ukasema, "Huyu nikiweka namba za geti, kompyuta inasema ni mzima, asisumbuliwe. Nikizitoa, inasema aangaliwe, na hiyo ni siku mbili kabla hajaanguka."

Watu waliguna. Mimi nilirudi getini.

Kipimo hakikuwa kimeharibika, Mwaitu. Kilikuwa kizima kabisa. Kilikuwa kinasema ukweli kila asubuhi, na mimi nilikuwa sikiangalii.

Wacha nikuambie venye ilianza, si ati nijitetee. Wiki za kwanza nilipima kweli. Dipiti, yule naibu wa mwalimu mkuu, alinipa kile kipimo kama bunduki, nikafurahi nayo, watoto wakinikuta getini wanainua mikono juu kama wezi. Wengine wananiambia, "Mzee, yangu iongeze kidogo, nirudi nyumbani." Lakini wewe unajua watoto wa kwetu wanatoka wapi. Kuna wa kuvuka mto wa mchanga, kuna wa kutembea saa nzima, na jua la huku halingoji mtu afike. Mtoto anafika amekimbia, uso unawaka, nikimpima naona 38 na kile kipimo kinalia kama kuku ameshikwa. Nikawa nawaweka kwa kivuli cha stoo wapoe, halafu napima tena. Karibu wote wanashuka. Lakini hiyo inataka dakika kumi, na watoto wako wengi, na laini inatoka nje inafika barabarani.

Dipiti akaja. Akaniambia, "Mutinda, somo la kwanza limeisha nusu na darasa liko tupu. Wewe ni daktari ama soja?"

Nikasema, "Ni soja."

"Basi fungua geti."

Nikazima ile sauti. Hiyo ilikuwa ya kwanza. Ikiwa hailii, laini inaenda. Halafu nikaona kuandika ndiko kunachelewesha, nikaanza kuandika mapema. Nafika saa kumi na mbili, nakaa kwa kibanda, najaza ukurasa mzima kabla mtoto hata mmoja hajafika. Sikuweka namba moja kwa wote, sikuwa mjinga hivyo. Nne, tano, sita, tano. Saba sikuweka, juu saba yangu inafanana na moja. Wakija naelekeza bunduki kwa paji la uso, mmoja, mwingine, mwingine, macho yangu yako kwa barabara. Hata wewe ulipita hivyo. Kila asubuhi nilikuelekezea ile kitu kwa uso nikakusalimia, na jina lako lilikuwa limeshaandikwa 36.4.

Unajua nani alinimaliza kabisa? Alikuja bwana mmoja wa afya kukagua shule. Akafungua kitabu changu. Hakuna kufuta, hakuna doa, mistari imenyooka. Akamwambia mwalimu mkuu, "Nimezunguka shule nyingi, hiki ndicho kitabu safi." Tukagusana viwiko. Hiyo jioni nilimwambia mama yako nimesifiwa, na nilifurahi kweli, Mwende. Hapo ndipo unaona mtu anaweza kufika wapi. Nilikuwa nimeshasahau ni uongo.

Sasa Kasyoka. Ulishajua ni yeye, yule wa jirani, mjukuu wa ule mji wa ng'ambo ya mto. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, ukungu bado uko. Alifika peke yake, amechelewa, amejifunga leso juu ya sweta. Nikamwelekezea. Akaniambia, "Baba Mwende, naskia baridi."

Nikamwambia, "Nani haskii baridi leo? Pita."

Akapita.

Saa nne naitwa ofisini nilete kitabu. Namkuta Kasyoka amesimama mbele ya Dipiti, ameegemea kabati. Alikuwa ameomba kwenda kulala chumba cha wagonjwa, na siku hiyo kulikuwa na mtihani wa hesabu. Dipiti akatembeza kidole mpaka kwa jina lake. 36.5. Akamwambia, "Asubuhi ulikuwa mzima. Huu ni ugonjwa gani unajua ratiba ya mtihani?"

Kasyoka akaniangalia. Aliniangalia tu, anangoja. Na mimi nikaangalia viatu vyangu. Nilikuwa nimesimama karibu naye hivi, nasikia joto lake bila kipimo chochote.

Akarudishwa darasani. Akafanya huo mtihani mpaka mwisho, na akitoka akaanguka kwa mlango. Walimpeleka Kitui na gari la shule, akawekwa kwa oksijeni. Wiki zikapita. Akakosa muhula wote, akarudia darasa. Hiyo yote unajua. Kitu hujui ni kwamba Jumapili yake nilishika maiki kanisani nikamwombea, mimi, mzee wa kanisa, na watu wakalia. Niliomba vizuri sana. Mungu alikuwa anasikia na nilijua anasikia, na bado niliendelea.

Kesho yake ya ile siku Kasyoka alianguka, nilirudisha sauti. Nikaweka benchi kwa kivuli cha stoo. Nikaacha kuandika mapema. Laini ikafika barabarani tena, na Dipiti akaja mbio. "Mutinda, umerudia mambo yako?"

"Nimerudia."

Aliniangalia, akaangalia laini, akaenda. Hakuniuliza tena mpaka vile vipimo vikaondolewa. Wakati mwingine nafikiria kama ningekataa hivyo kwa neno moja siku ya kwanza, yeye pia angeenda tu.

Lakini zile kurasa za nyuma sikumwambia mtu. Nilijiambia zimepita, nani atazisoma? Kumbe mwanangu mwenyewe anasoma mambo ya kompyuta, atakuja kuzifungua moja moja na kuzilisha mashine. Namba yangu ilimshinda Kasyoka kwa ofisi ya Dipiti, halafu miaka imepita, ikamshinda tena kwa kompyuta yako. Mara mbili. Kama usingeitoa, ingekuwa inamwambia kila mtu yule mtoto ni mzima, mpaka leo.

Hii yote ilinikaa kifuani tangu siku ya holi. Wiki iliyopita nikaenda Zombe sokoni, pale Kasyoka anashona sweta za shule. Nilibeba kitabu chenyewe. Shule ilikuwa inachoma vitabu vya zamani, nikakiomba, wakanipa. Sikujua nakiweka ya nini. Nilimkuta ameinama kwa mashine. Nikamwambia yote, nimesimama, watu wanapita na mbuzi wao.

Hakuacha kushona. Akasema, "Baba Mwende, mimi nilijua."

"Ulijua?"

"Ulinielekezea ile kitu huku unaangalia barabara."

"Kwa nini hukusema mbele ya Dipiti?"

"Ningesema nini? Kitabu kilikuwa kimeshasema."

Nilikosa pa kuweka mikono. Sijui alinihurumia ama alichoka kuniona nimesimama, akavuta kiti kwa mguu, akasema, "Kaa basi. Saa hii pia naskia baridi, utanipima?" Akacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Nikamfungulia kitabu, nikamwonyesha ukurasa wake, na ule unaofuata, ule nilianza kupima. Aliangalia sana. Akakata uzi mwekundu kwa mashine yake, akauweka hapo katikati ya kurasa, akanirudishia. Akasema, "Mwambie Mwende. Yeye ndiye anaenda huko kwa mageti."

Ndiyo maana naandika, Mwaitu. Mimi nilitaka kuomba msamaha nirudi nyumbani. Kasyoka ndiye aliona mbali.

Juu nimesoma ile ripoti yako unaenda nayo Makueni. Niliisoma polepole, na kamusi yako ya shule. Umeandika shule zinunuliwe vipimo vipya kwa sababu vya zamani viliharibika. Wakinunua, watampa soja. Soja atakuwa mtu kama mimi, na Dipiti wake, na laini yake, na jua la Kathonzweni si dogo kuliko letu. Kipimo kitakuwa kipya na kitabu kitakuwa kile kile. Ugonjwa mwingine ukija, na hayo magonjwa yanakuja, kutakuwa na mtoto amesimama mahali ameegemea kabati.

Mimi sina masomo ya kukushauri kazi yako. Nilifika darasa la nane, na wewe unajua nilikukatalia kompyuta nikitaka uwe mwalimu, nikasema kompyuta ni ya vijana wa kucheza mpira kwa skrini. Hiyo pia nilikosea, na hiyo nimeshafurahi kukosea. Lakini geti nalijua. Ukifika kwa shule usianze na ofisi. Kaa na soja asubuhi moja kwa kibanda chake, umuulize amepewa dakika ngapi. Angalia kama kuna kivuli cha watoto kupoa. Ukipata kitabu kisafi, mtu hajafuta hata mara moja, usimsifu. Muulize kwa upole, uko peke yako naye, bila mwalimu mkuu. Atakuambia. Mimi ningekuambia, kama mtu angeniuliza kwa upole wakati ule.

Na kile chenye madoa, chenye jasho, namba zimerukaruka, hicho beba.

Kesho ukishapanda gari nitaenda kwa mwalimu mkuu nimwambie. Pengine atanifukuza, pengine atasema ya kale yaachwe. Yoyote ni sawa. Usijaribu kunipigia simu unizuie, nitakuwa nimezima, na unajua nikizima nimezima.

Kuna kitu kingine nataka kukuuliza na sitaki jibu. Ile siku kwa holi, mwalimu alipouliza kitabu cha geti, ulinyamaza kabla hujajibu. Wewe ni mtoto wa kujua hesabu. Kipimo kibovu hakihesabu nne, tano, sita, tano. Mtu ndiye anahesabu hivyo, na mwandiko uliujua. Kama ulijua, na ukaulaumu ule mtambo ili mimi nisimame pale mlangoni na makofi yangu, basi leo nakutua huo mzigo. Urekebishe ripoti. Andika soja hakuwa anaangalia. Ukitaka andika jina langu, limeandikwa vizuri kwa kila ukurasa hata hivyo.

Na usifikirie naandika hii nikiwa na huzuni. Nina aibu, hiyo ni kweli, lakini aibu imekaa kwa kona yake na furaha imejaza nyumba yote iliyobaki. Nilikupa jina la mama yangu, ndiyo maana nakuita Mwaitu, mama, na mama yangu hakujua kusoma, alikuwa akipokea barua anaipeleka kwa mwalimu asomewe. Leo mwenye jina lake amesoma uongo wangu kwa safu ya namba, mahali mkaguzi aliona usafi. Nikitembea Zombe watu wananiuliza, "Ati ni kweli msichana wako anajua ugonjwa kabla haujafika?" Nawaambia ni kweli, na anajua hata zaidi.

Nasikia sauti ya mama yako kwa njia, anacheka, basi maombi yameisha. Nimalize.

Kitu kile kingine kwa nailoni ni hicho kitabu. Ulipoona kurasa za kwanza zinajirudia, ulizitoa zote, mpaka za mwisho. Ulikuwa na haki. Lakini fungua penye uzi mwekundu. Za kabla ya hapo, chana ukitaka. Kuanzia hapo kwenda mbele utaona wino umechafuka, kuna 35.9, kuna 37.3, kuna mahali nimeandika "kivuli, dakika kumi" halafu namba ya pili. Kila mtoto wa kurasa hizo nilisimama mbele yake nikamwangalia. Hizo ni za kweli, Mwende. Irudishie kompyuta yako hizo.

Na ukifika karibu na mwisho, utamkuta Kasyoka, asubuhi ile alirudi shuleni. 36.8. Nilipima mara mbili.

Ni mimi baba yako,
soja wa geti